Kumbukumbu Rasmi za Baraza la Jumamosi

Mfuko wenyewe ulikuwa ule wa nailoni wa miraba ya buluu na nyekundu, ambao kila mtu wa kwetu anao mmoja juu ya kabati. Mpwa wake Bi Zuwena aliuleta siku tatu baada ya hitima, akauweka mlangoni kwangu. "Marehemu aliusia upewe wewe," akasema, na hata chai hakungoja. Nilipovuta zipu ikanipiga harufu ya karafuu kavu, nami mtu mzima na akili zangu nikakaa kitako pale pale mlangoni nikalia mpaka kamasi zikanitoka. Mazikoni sikulia. Mazikoni nilikuwa nashughulika na sahani.

Ndani mlikuwa na madaftari ya jalada jekundu, yamefungwa pamoja kwa kipande cha kanga, na katikati ya kila daftari karafuu nne tano zimebanwa. Ndivyo walivyohifadhi vitabu kwao, wadudu wasile karatasi. Nilipokuwa mdogo nilikuwa nikimcheka Bi Zuwena. Nani atakula daftari huku Tottenham, ghorofa ya sita, na baridi hii? "Mdudu haombi viza," akinijibu, huku anaendelea kuchomeka karafuu zake.

Nyinyi wenzangu mliokulia London miaka ile, mama anasema kwa Kiswahili nanyi mnajibu kwa Kiingereza, mtanielewa. Nilikuwa na mdomo mimi, jamani, mdomo wa kuuza. Lakini ulikuwa mdomo wa Kiingereza. Kiswahili kilikuwa kikiingia masikioni vizuri sana, hata ule umbea wa jikoni waliodhani siuelewi, ila kutoka hakitoki. Nikijaribu, neno la kwanza linakwama, watu wazima wanacheka, wananiita Mzungu. Basi nikaacha kujaribu.

Bi Zuwena alikuja kwetu nilipokuwa na miaka minane. Mama aliniambia kwanza, siku mbili kabla, huku akibadilisha mashuka ya kitanda changu cha dabo deka. "Anakuja mwalimu wangu. Atalala hapa chini, wewe panda juu. Na uwe na adabu, kwani huyo si mtu mdogo. Alikuwa mwalimu wetu wa skuli, kisha akachaguliwa akaingia Barazani, kule kunakotungwa sheria za kisiwa kizima. Wanawake mle walikuwa wa kuhesabu kwa vidole. Kutoka upande wetu wa shamba alikuwa wa kwanza, na yeye peke yake."

Mimi nikatarajia mtu mkubwa kama mlango. Akaingia mwanamke mwembamba, sanduku moja, amevaa koti la kijivu la mitumba ambalo mikono yake ilimfunika mpaka vidole. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akaniuliza nasoma darasa la ngapi. Nikamjibu kwa Kiingereza. Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesubiri jibu na halijafika.

Kilichonishangaza zaidi kilikuwa mama. Mama yangu alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kulelea wazee, anabeba watu wazima mgongoni, anagombana na mameneja, hamwogopi mtu wala jini. Lakini Bi Zuwena akiingia sebuleni, mama anasimama. Katika nyumba yake mwenyewe! Yuko kwenye kochi, miguu imevimba kwa zamu ya saa kumi na mbili, Mwalimu anatokea mlangoni na mama huyo wima. Hata Mwalimu akiwa anatoka chooni. Mimi nikaona kituko, nikawa namwigiza shuleni ili rafiki zangu wacheke.

Siku moja mama anakanda unga wa chapati nikamuuliza, kwa Kiingereza changu, huyo Bi Zuwena alifanya nini hasa huko Barazani.

"Vyoo," mama akasema.

Nikadhani ananitania.

"Hebu sikiliza. Skuli yetu ilikuwa na choo kimoja, na mlango hakina. Msichana akishavunja ungo, zile siku zake anabaki nyumbani. Anabaki siku tatu, mara wiki, mara unasikia ameposwa. Mwalimu anaona darasa lake kila mwaka wasichana wanapungua. Basi alipoingia Barazani, kikao cha kwanza tu, kasimama: Mheshimiwa Spika, lini skuli za shamba zitajengewa vyoo vya wasichana? Wanaume wakacheka. Kikao cha pili kasimama, swali lile lile, maneno yale yale. Wakamwita Mheshimiwa Choo. Mitaani watoto wakamwimba. Wee, unamjua Mwalimu wewe? Kikao baada ya kikao, miaka, anauliza, anakaa. Ikafika waziri akimwona tu anainuka kwenye kiti, jasho linamtoka, anajibu kabla hajaulizwa."

"Vikajengwa?"

"Vikajengwa. Milango ya mbao, na komeo kwa ndani." Mama akaacha kukanda, mikono imejaa unga. "Wewe hujui komeo ni kitu gani. Mimi nilimaliza skuli kwa sababu ya komeo."

Nasema kweli, niliona haya. Shuleni nilikuwa nimeshajigamba kwamba nyumbani kwetu anaishi mheshimiwa, mtunga sheria, na wasichana wawili walikuwa wameanza kunipa biskuti zao. Habari za vyoo nikazimeza. Ilinichukua miaka mingi, na kuzaa binti yangu mwenyewe, kuelewa kwamba mama alikuwa amenihadithia ushujaa mkubwa kuliko wote nitakaousikia maishani.

Kufanya kazi Bi Zuwena alikuwa hajaruhusiwa, na kukaa bure kulikuwa kunamtia ugonjwa. Haukupita mwezi, kaomba funguo za chumba cha mikutano chini ya majengo yetu, kile ambacho Jumapili kilikuwa kanisa la Wakongo. Ngoma zao zilikaa kwenye kona, zimefunikwa shuka, na ole wake atakayezigusa. Akapita mlango kwa mlango, lifti ikiwa mbovu anapanda ngazi, akakusanya watoto kumi na wawili: wa Unguja na Pemba, wa Mombasa, na ndugu wawili wa Nairobi ambao mama yao alikuwa nesi. Kila Jumamosi asubuhi, tukafundishwe Kiswahili.

Sisi tulidhani tutakaririshwa a-e-i-o-u. Kumbe Bi Zuwena hakujua kufundisha lugha kwa namna hiyo. Alituambia, "Hapa si darasa. Hapa ni Baraza. Mimi ni Spika, nyinyi nyote waheshimiwa." Akatupa kanuni. Mtu hanyooshi kidole wala hapigi kelele. Ukitaka kusema, unasimama, unanyamaza, unangoja mpaka jicho la Spika likuone na jina lako liitwe. Ukianza, hakuna wa kukukatiza. Ukimaliza, unakaa. Na kila Jumamosi kulikuwa na hoja: kwamba chipsi si chakula cha usiku, kwamba watoto waruhusiwe kulala wanapotaka, kwamba mjukuu asilazimishwe kumbusu kila bibi anayekuja nyumbani. Hiyo ya mwisho ilipita kwa kishindo.

Katibu alikuwa Khadija, msichana wa Mombasa wa miaka kumi na miwili, mwandiko kama wa kuchapwa. Yeye ndiye aliyeandika kumbukumbu rasmi kwenye daftari jekundu: nani kasimama, nani kasema nini. Watu wakicheka anaandika kwenye mabano, Kicheko. Wakipiga makofi anaandika Makofi. Ndivyo zilivyoandikwa kumbukumbu za kule Barazani, akatuambia Spika wetu, na sisi si duni kuliko wao.

Kanuni moja ndiyo iliyonikosesha usingizi. Kiingereza hakiandikwi.

Nakumbuka hoja ile ya kulala. Nilisimama, nikaitwa, nikatoa hotuba ya kufa mtu. Mikono inarushwa huku na huku, watoto wanagongana kwa kicheko, hata Bi Zuwena nilimwona akiuma mdomo. Yote kwa Kiingereza. Nikakaa, roho yangu kwatu. Baada ya kikao nikakimbilia daftari kujisoma. Khadija alikuwa ameandika: "Mheshimiwa Rukia alisimama. Alinyamaza. Alikaa. (Kicheko.)"

Yaani mimi? Nimenyamaza? Niliwaka kama moto wa mabua. Nikamvamia Bi Zuwena palepale anakunja viti, nikamwambia kwamba huo ni uongo, kwamba kila mtu alinisikia.

"Mimi nimekusikia, mwanangu," akasema. "Daftari ndilo halijakusikia."

Nikamwambia kama watu wote chumbani wamesikia, daftari la nini?

"Waliokuwemo wamesikia. Daftari ni la wasiokuwemo." Akanipa kiti kimoja nikunje. "Wewe una maneno mengi mazuri. Siku utakayotaka yakae, utayasema."

Nikanuna wiki nzima. Na Jumamosi baada ya Jumamosi, kwa ukaidi tu, nikasimama nikahutubia kwa Kiingereza, na Khadija akaniandika nimenyamaza. Madaftari haya niliyonayo yamejaa kimya changu.

Sasa niwaeleze kuhusu Croydon, maana ujinga wangu wote ulianzia huko. Kila Alhamisi ya pili Bi Zuwena alikuwa akiamka mapema, anapiga pasi baibui lake, anajitanda mtandio mweupe, anapiga viatu rangi mpaka unajiona. Anachukua faili la buluu lenye karatasi zake. Kabla ya kutoka anatia karafuu moja mdomoni. Mama alikuwa ameshanisimulia kwamba hivyo ndivyo alivyofanya kila mara kabla ya kusimama Barazani. Nikauliza Mwalimu anakwenda wapi, nikaambiwa Croydon, kwenye jengo la serikali. Mimi nikajumlisha mwenyewe, mbili na mbili zikawa tisa: Bi Zuwena bado mheshimiwa, na Baraza lake limehamia Croydon.

Akirudi jioni, amechoka, nilikuwa nikimuuliza wamezungumza nini. Alikuwa ananielewa Kiingereza changu vizuri tu, si mwalimu? Ananitazama kidogo, anavua viatu, anajibu, "Kikao kimeahirishwa." Mwezi mzima, miezi, kikao kinaahirishwa. Nikaona hao wajumbe wa Croydon wavivu kupita kiasi.

Kumbe alikuwa anakwenda kuripoti, kutia saini, kusubiri. Ombi lake la kupewa hifadhi lilikuwa mezani. Baada ya uchaguzi kule kwetu kulitokea fujo, na wale aliowasema waziwazi walikuwa wamemjia nyumbani mara mbili. Mara ya tatu hakuwangoja. Aliondoka na alichoweza kubeba. Vyeti vyake vya ualimu, picha, karatasi za Barazani, vingi vilibaki nyuma.

Ikaja barua. Nilimkuta mama jikoni ameishika, machozi yanamdondokea kwenye bahasha. Ombi limekataliwa. Karatasi alizonazo Mwalimu hazikutosha kuthibitisha kwamba ndiye anayesema kuwa ndiye. "Asiyekujua hakuthamini," mama alikuwa akirudia, anafuta pua kwa ncha ya kanga. "Mwalimu Zuwena wa kuulizwa yeye nani!" Kulikuwa na rufaa bado, mbele ya hakimu, na wakili, na mama atatoa ushahidi. Safari hii mama hakunificha. Alinikalisha kwenye kiti akaniambia, "Hakimu akikataa, Mwalimu atapandishwa ndege. Na huko anakorudi wako watu wanamsubiri, na si kwa mema. Umenielewa?"

Nilielewa. Usiku huo nililala juu, nikasikiliza pumzi zake chini, zile pumzi ndogo zenye kigugumizi mwishoni, nikazihesabu mpaka nikapotea.

Jumamosi iliyofuata, mwisho wa kikao, Spika wetu alituambia kwa sauti ile ile ya kutangaza hoja: "Ikiwa wiki ijayo sitokuwepo, Mheshimiwa Khadija atashika kiti. Baraza halifi kwa kukosekana mtu mmoja." Nikasimama. Akaniita. Nikafungua mdomo, na safari hii hata Kiingereza hakikuja. Khadija akaandika alichokiona, na kwa mara ya kwanza ilikuwa kweli.

Siku ya rufaa mama hakupata wa kuniachia, nikaenda nao. Lilikuwa jengo la ofisi tu, upande wa magharibi, mbele ya Hayes, karibu na uwanja wa ndege. Kila dakika mbili ndege ilipita juu, vioo vinatetemeka, na kila ilipopita mama alifumba macho. Bi Zuwena hakufumba. Alitia karafuu yake mdomoni, akaingia.

Nilikitazama kile chumba nikaona yale yale niliyoyajua. Mbele kuna kiti cha juu, na hakimu mwanamke wa Kizungu mwenye miwani. Huku meza na huku meza, watu wenye mafaili. Mtu anasema, wengine wananyamaza. Hakimu anaandika. Kila neno linaandikwa. Na jambo lililonimaliza kabisa: Bi Zuwena alipoulizwa, alijibu kwa Kiswahili. Wakili alikuwa amemsihi nje atumie Kiingereza, mambo yaende haraka, akakataa. "Haya yametokea kwa Kiswahili," alimwambia. "Nitayasema yalivyotokea." Basi akaja mkalimani, baba mmoja wa Kikenya mwenye tai ya kahawia. Mimi nikafunga hesabu. Hili ni Baraza lenyewe, lile la Croydon, leo limekaa huku. Na katika Baraza, Kiingereza hakiandikwi. Wale Wazungu wote waliokuwa wakisema, maskini, watajikuta kwenye daftari wamenyamaza.

Mama alitoa ushahidi wake. Alisema yeye alikuwa mwanafunzi wa Bi Zuwena. Alisema habari za choo, za mlango, za komeo. Upande wa pili wakamuuliza maswali, si kwa ubaya, kazi yao, lakini mengine mama alichanganya miaka, akarudi kitini amevunjika uso. Hakimu akaanza kukusanya karatasi. Juu ikapita ndege.

Nikasimama.

Sikunyoosha kidole. Sikupiga kelele. Nilisimama mahali pangu nyuma kabisa, mikono ubavuni, nikangoja jicho la Spika. Mama akanivuta sketi. Nikang'ang'ania. Sijui ulipita muda gani. Hakimu akainua uso, akanikuta macho kwa macho, akaniuliza, kwa upole, kama nina neno.

"Mheshimiwa Spika," nikasema. Mkalimani akageuka kunitazama. Na maneno, yale yaliyokuwa yakikwama miaka yote, yakatoka, mabovumabovu lakini yakatoka. "Mimi Rukia. Mwalimu analala kitanda cha chini. Mimi nalala juu. Yeye akienda, chini hamna mtu. Mimi nataka yeye akae. Basi."

Nikakaa.

Hakimu akamtazama mkalimani, na yule baba akakohoa, akageuza maneno yangu kwa Kiingereza mbele yangu. Nikayasikia yakirudi kwa lugha niliyozaliwa nayo, nami nikaona haya mpaka miguuni. Hakimu akamuuliza mama kama mtoto huyu hajui Kiingereza. Masikini mama! "Anakijua," akasema, "amezaliwa hapa hapa Tottenham." Hakimu akanishukuru, akawaambia mawakili kwamba hayo si ushahidi, na kikao kikafungwa. Jibu litakuja kwa posta.

Kwenye treni mama alinifokea toka stesheni ya kwanza mpaka ya nne. Hakimu Mzungu, chumba kizima Wazungu, nami mtoto mwenye Kiingereza cha kumwaga nimekwenda kuhangaisha mkalimani! Kwa nini? Nikamwambia, nikishangaa kwamba hajui, kwamba ningesema Kiingereza ingeandikwa nimenyamaza.

Mama akamgeukia Mwalimu. Bi Zuwena alikuwa dirishani. Akageuza uso nje, mabega yakaanza kumtikisika. Mimi nikajua ananicheka, nikanuna. Baadaye alitoa daftari jekundu mkobani, akaandika kitu juu ya goti, treni inamrushia kalamu. Sikuuliza. Nilikuwa bado nimenuna.

Barua ilikuja baada ya wiki nyingi. Rufaa imekubaliwa. Mama alipiga vigelegele mpaka jirani wa chini akagonga dari. Bi Zuwena aliisoma mara mbili, akaikunja, akaenda kuswali. Akakaa. Akapata kazi ya kusaidia walimu kwenye shule ya msingi, akapata flati yake ya kaunsili mtaa wa pili, na Baraza la Jumamosi likaendelea mpaka sisi wa mwanzo tukawa na ndevu na matiti. Kitanda cha chini kilibaki kitupu, lakini mtu wake alikuwa umbali wa dakika tano kwa miguu.

Na mimi? Mimi nikajivuna. Maisha yangu yote nimejua kwamba mimi ndiye niliyemwokoa. Nimelisimulia jambo hilo arusini, kazini, nimemsimulia mume wangu kabla hata hatujachumbiana. Bi Zuwena akinisikia anatabasamu, hanikatizi.

Basi chini kabisa ya mfuko, chini ya madaftari, nimeikuta hukumu yenyewe. Kurasa kadhaa zilizochapwa, pini imeshika kutu. Nimeisoma neno kwa neno, jikoni, sufuria inaungua. Yamo majina ya waliohudhuria. Umo ushahidi wa mama, ukurasa mzima, na mle hakimu ameandika kwamba shahidi alichanganya miaka lakini habari ya choo na komeo haiwezi kuwa ya kutungwa. Imo barua ya mwalimu mwenzake iliyotumwa kutoka nyumbani. Kumbe komeo ndilo lililomwokoa Mwalimu. Lile lile lililomwokoa mama. Kuhusu mtoto aliyesimama nyuma, hakuna hata mstari. Kwenye karatasi ile mimi sikuwemo. Nilinyamaza.

Nilicheka peke yangu kama mwehu. Kisha nikakumbuka treni.

Nikafungua madaftari moja moja mpaka nikaipata Jumamosi ile Spika alipotangaza kwamba Khadija atashika kiti. Baada yake, ukurasa mzima, si mwandiko wa Khadija. Ni wa Bi Zuwena, umeyumbayumba kwa mtikisiko wa treni. Nikaliweka daftari mkobani, nikapanda basi kwenda kwa mama.

Mama sasa magoti yamekufa. Anakaa kwenye kochi lake karibu na dirisha, fimbo pembeni, na kumwinua ni shughuli ya watu wawili. Nilikaa mkekani miguuni pake, nikamfungulia daftari. Harufu ya karafuu ikatoka, akaivuta puani. Nikamsomea.

"Kikao maalumu. Waliohudhuria: Spika, Mheshimiwa Rukia, mama yake Rukia, na wageni. Mheshimiwa Rukia alisimama, akangoja, akaitwa. Alisema: Mwalimu analala kitanda cha chini. Mimi nalala juu. Yeye akienda, chini hamna mtu. Mimi nataka yeye akae. Hakuna aliyepinga. Hoja ilikubaliwa. (Makofi.)"

Hakuna aliyepiga makofi siku ile. Na aliyaandika kwenye treni, jibu la hakimu halijajulikana, ndege bado zinapita juu.

Nilipoinua macho, mama alikuwa ameshika fimbo kwa mkono mmoja na kochi kwa mwingine, anajivuta, uso umekunjamana kwa maumivu.

"Mama! Unataka nini, nikuletee. Unakwenda wapi?"

"Siendi popote," akasema, na akasimama, wima, pale pale alipo. "Mwalimu kaingia."